Karani wa Mizani

Saa nane usiku, Cheyo. Umeme umerudi
na feni inakohoa kama mvuta tumbaku.
Kwenye kioo, michirizi laki mbili:
protoni zimegongana chini ya ardhi ya ugenini,
mabaki yamenifikia Tabora
kwa bando la wiki.

Nautafuta mmoja, mtoto wa kwaki-kilele,
nzito kuliko kwaki zote, fupi wa maisha.
Nduguze huvaa kabla ya kutoka nje;
yeye hufa uchi,
watoto watatu wakitimua mbio.

Mama, Kalunde binti Kapela, hajasoma fizikia.
Miaka ishirini na sita alipima vifurushi stesheni:
asali, uyoga mkavu, baiskeli isiyo na kiti.
Nikamchorea. Akaninyang'anya kalamu.

"Hii si treni yetu?
Inafika hapa, inakatwa. Haya mabehewa, Mwanza.
Yaliyobaki yanafuatana hadi Kaliua,
yanakatwa tena: Mpanda, Kigoma.
Kama hukuiona ikiingia,
pima yote matatu, jumlisha."

Nikanyamaza. Ndivyo hasa.
Yale ya Kaliua ni bosoni: themanini.
Ongeza ya Mwanza: mia na sabini na tatu.

Lakini mama, hii inakwenda kasi.
Ikizidi, njia tatu hubanana,
vumbi lao likawa vumbi moja,
na kila mchirizi wa ovyo, mzito kwa kubahatisha,
hupita mbele yangu ukijidai mzazi.
Nimeifunza mashine kuchungulia ndani ya vumbi:
kiini kimoja, au vitatu?
Haijibu ndiyo. Haijibu hapana.
Inasema, sifuri nukta tisa saba.

"Ukishawapata?"

Nimjue aliyewatuma wawili wawili:
chembe mpya, isiyo na jina bado,
kilima kidogo kwenye mchoro
pale pangepaswa kuwa mteremko mtupu.

"Kipo?"

Hakipo. Mwaka wa tatu huu.
Mwezi jana kiliota, nikapiga kelele
jirani akagonga ukuta;
kumbe faili moja nimelihesabu mara mbili.

Mama akacheka hadi akashika mbavu.
"Mimi niliwahi kupima dumu la asali
mguu wangu ukiwa juu ya mizani.
Mwenyewe akalipa.
Akashukuru, akapanda."