Ua la Kiazi

Juni ya Uyole haina huruma na udongo huu.
Umetoka Kariakoo ndani ya boksi la biskuti,
vipande kumi na viwili, kila kimoja na rangi yake,
ukafika mgumu kama sabuni ya mche.
Naweka mweupe kwapani, wa njano chini ya kanga,
namenya viazi nao, nabishana na mwenye nyumba nao,
mpaka ulegee.
Kuku huatamia hivi, ila kuku hana kodi.

Kisha kazi.
Chupa ya soda ndiyo kifimbo changu,
kioo cha dirisha lililovunjika ndiyo meza,
na wembe mpya, ambao sikopeshi mtu.
Katikati njano, nyembamba kama risasi ya penseli.
Petali tano nyeupe, kila moja na mshipa wa zambarau.
Kijani nimekichanganya mara tatu:
cha kwanza kilitoka cha chai,
cha pili cha sare za shule,
cha tatu ndicho.

Gogo fupi, nene kama kifundo cha mkono.
Nalibana. Nalivuta. Nalibana tena,
linarefuka, linakonda,
na ua lililomo ndani silioni.
Linapungua gizani
bila kupungukiwa.

Nakata ncha: rojorojo, haina sura.
Nakata tena, na hilo hapo,
dogo kama punje ya mahindi,
petali zote tano, hata mshipa.
Nakata, nakata,
shamba la Isyonje linaangukia kiooni
kipande kwa kipande.

Tupokigwe wa saluni alitaka waridi.
"Nani atavaa kiazi sikioni?"
Nikamwambia, wewe umesomeshwa na nini?
Akaagiza jozi ishirini, za Jumamosi.

Alhamisi mama akapanda kutoka Matema
na dumu la mawese na magoti yanayouma.
Mkisi wa Ikombe. Vyungu vyake
vimepika maharage ya watu asiowajua.
Akachukua kipande, akakinusa.
"Umechimba wapi?"
"Dukani, mama."
Akanusa tena. "Huu haujawahi kunyeshewa."

Lakini mikono haikumngoja.
Alichovya kidole majini kwa mazoea;
maji yakateleza, yakakimbia,
akakitazama kidole kama kimetukanwa.
Halafu dole gumba likazama, likazunguka,
na kikatoka kichungu kisichozidi kizibo,
mdomo umebinuka vile vile,
shingo inasubiri chokaa.
Sikumsifu. Angeacha.

Sufuria, mchanga, makaa chini, makaa juu,
kama keki ya kipaimara.
Moto wa kadiri, dakika ishirini.
Mama hajui moto wa kadiri.
Anajua moto wa nyasi unaosimama kimo cha mtu
na kuanguka wenyewe ukishashiba.
Nilipotoka kufuata maji bombani
akanihurumia, akaongeza makaa.

Nilirudi chumba kinanuka ndoo iliyoungua.
Nyeupe ilikuwa hudhurungi,
zambarau ilikuwa nyeusi,
hereni arobaini, oda nzima,
shamba lote limepigwa na ukungu.
Nikafungua dirisha. Nikakaa chini sakafuni.

Yeye akaopoa kichungu mchangani,
akakigonga kwa ukucha, akakiweka sikioni,
akasikiliza muda mrefu
kama mtu anayepigiwa simu kutoka mbali.
"Sasa," akasema,
"umeanza kufanana na udongo."

Sikucheka. Nilicheka baadaye, nikiosha sufuria,
nilipomwona kwenye kioo
anajijaribu hereni mbili, zilizoungua kuliko zote,
anageuza shingo huku, anageuza huku.

Gogo lilibaki robo.
Ijumaa asubuhi baridi ilikuwa imeandika dirishani,
nikalitafuta mezani, chini ya meza,
ndani ya boksi la biskuti, silioni.
Mama alikuwa bado amelala,
mkono mmoja ameubana ubavuni,
na chini ya kwapa, kwenye mkunjo wa kanga,
kilichungulia kijani.