Nusu Dirisha

Baada ya ndoo mbili, dekio moja, fagio tatu,
sabuni ya unga ya kupimiwa
na jozi moja ya glavu
(wa kulia wangu, wa kushoto wa Damari),
tulibaki na elfu kumi na nne.

Redioni walitutajia bei ya sekunde thelathini.
Damari akauliza, na sekunde mbili?
"Mbukwenyi," halafu namba, basi.
Kijana alicheka, akatusindikiza kwa adabu,
nasi tukaliona kapeti lake, tukatazamana.

Steshenari ya Makole, kopi shilingi mia.
Tukatoa sitini, wino mweusi,
na ubeti nilioutunga usiku kwa tochi ya simu:

*Vumbi likija na pepo, likaingia chumbani,
Tupigie papo hapo, tufike kwako nyumbani,
Hata kochi likiwepo, twasugua hadi ndani,
Bei yetu ni nafuu, uliza hata jirani.*

"Jirani yupi?" akauliza Damari.
"Hatujafua hata pazia la mtu."
Nikamwambia biashara ni imani.
Tukakoroga uji mzito wa sembe kuwa gundi,
tukabandika kwenye nguzo za Area C,
kwenye mashine ya kusaga Nkuhungu,
kwa kinyozi Chang'ombe.
Uji ule mbuzi waliupenda.
Hadi saa nne asubuhi walikwisha kuyasoma matangazo yote,
ubeti, vina,
mpaka tarakimu ya mwisho.

Tukawaoshea bodaboda wa Majengo helmeti zao bure,
ili watutaje kwa abiria.
"Usijali, dada," walisema,
wakaondoka kuelekea Mtumba wakinukia sabuni yetu.
Walichokisema huko njiani
upepo ndio unaojua.

Upepo wa Agosti, lakini.
Ule unaoamka kabla yako,
unaokuwekea udongo mwekundu kwenye chai.
Nilikaa kizingitini nikalionea wivu vumbi:
linafika kila nyumba,
halijawahi kulipia tangazo,
na hakuna asiyelijua.

Saa kumi na moja alfajiri, duka la dawa la Msanjila
lilikuwa bado limefungwa.
Nilinunua maji bombani, ndoo shilingi hamsini.
Nikaosha kioo chake kuanzia katikati kwenda kushoto,
nikakikausha kwa gazeti la juzi
mpaka nikauona uso wangu, na usingizi wangu.
Nusu ya kulia sikuigusa.
Niliandika juu yake kwa kidole, kwenye vumbi,
namba yetu, kubwa,
sifuri zikiwa mviringo kama sahani.

Msanjila alikuja na funguo, akasimama.
Watu nao wakasimama.
Mama mmoja aliyefuata panado alisema
dawa za upande wa kushoto zinaonekana zina nguvu zaidi.

Simu ya Damari iliita ng'ambo ya barabara,
tulipokuwa tunajifanya tunachagua karanga.
"Njooni mmalizie. Mnaniaibisha."
"Elfu tano, mzee."
"Ninawaona hapo mlipo."
"Elfu tatu."

Hapo ndipo nilipogundua nilichokifanya:
kumaliza kazi
ni kufuta tangazo.
Damari alishika kitambaa, akaniangalia.
Nikaitikia kwa kichwa.
Namba yetu iliteremka na maji, nyekundu,
ikaingia mtaroni, sifuri zikitangulia.

Siku ile hakupiga mtu.
Usiku upepo ulivuma, mabati yakalalamika,
tukagawana viazi vya mia tano bila kusema sana.

Asubuhi simu. Sauti ya mwanamke, Ilazo,
nyumba mpya, mafundi wametoka jana,
saruji hadi kwenye masinki.
Namba alipewa na Msanjila.
"Samahani, nyie ndio wale wa nusu dirisha?"

Jina letu ni Perisi na Damari, Huduma za Usafi.
Tulilichagua kwa siku tatu, tukagombana mara mbili.
Nilimeza mate.

"Ndiyo, mama," nikasema, "ndio sisi.
Tukusafishie nyumba nzima,
au nusu?"