Karani wa Vifurushi, Stendi ya Newala

Kazi yangu ni kuandika majina kwenye maboksi,
kwa kalamu ya wino mnene: mpokeaji, simu, mji.
Gunia la ming'oko, kwa Mnali, Tandika.
Ndoo ya korosho, kwa mwalimu Asumini, Mbagala.
Kisicho na anwani hakipandi basi.
Kikipanda, kitashuka popote, kitaozea popote.

Mama yangu, Somoe, alibangua korosho miaka thelathini.
Mafuta ya ganda yalimla vidole
hata siku ya kusajili laini ya simu
mashine ikamkana: huyu mtu hana alama.
Mwaka huu koo limeanza kuchagua.
Lilikataa kwanza ugali wa muhogo,
halafu ming'oko,
halafu wali.
Sasa linapokea uji, tena wa kuchujwa,
na yeye anausindikiza kwa kiganja kifuani
kama anayesukuma mlango uliovimba kwa mvua.

Daktari Nambole, binti mdogo, miwani kubwa,
alinichorea umio nyuma ya kitabu changu cha risiti.
Akasema: kila seli ya mwili ina stendi yake.
Kutwa inafunga vifuko, vidogo hivyo
hata vumbi la unga mbele yao ni jabali;
ngozi yao mafuta, ndani yao ujumbe,
inaviachia kwenye damu, vinafika kwa majirani.

Nikamwambia, kazi hiyo naijua.

Na saratani je?
Akafunika kalamu yake.
Nayo ina karani, akasema, tena anakushinda wepesi.
Anatuma vifuko kwenye ini, kwenye mapafu,
vikatandike mkeka kabla mgeni hajaja.

Usiku ule nilimuwaza yule karani.
Haendi Ijumaa. Hali chakula cha mchana.
Mwandiko wake, nadhani, unafanana na wangu.

Lakini wapo watu, alisema, kwenye maabara za mbali,
wanaochukua vifuko hivyo hivyo,
wanavipakia dawa,
na juu ya ngozi wanavibandika anwani:
umio. Tumbo. Utumbo mpana. Usishushe njiani.
Mwili hauviulizi sana, unavidhani wanawe.
Na hata hivyo, akaongeza, kwa haraka,
kama anayekiri deni,
vingi bado vinashukia kwenye ini.

Nikacheka peke yangu. Hata huko!
Wiki jana tu ndoo ya Asumini ilishushwa Kibiti.

Basi tuleteeni, nikasema.
Akasema, bado ni panya.

Nilipomweleza mama, uji ulimpalia kwa kicheko.
"Panya wamepona?"
Baadhi.
"Hao waliomaliza korosho zangu ghalani, au wengine?"
Akajifuta. Akanyamaza.
"Waambie wasiwaue wale waliopona."

Leo alfajiri, ukungu umelala juu ya mabasi,
taa zao kama macho ya mgonjwa wa homa.
Nimepokea kifurushi cha hospitali.
Kichupa kimoja, maji makali ya kuhifadhia,
na kinyama mle ndani, punje ya mtama,
kinaenda Dar kusomwa kwa darubini.
Nimeandika mpokeaji.
Nimeandika simu, nikazirudia tarakimu kwa kidole.
Nimeandika KINAVUNJIKA, nikapiga mistari miwili.
Penye "yaliyomo" nimeandika: sampuli.
Penye "thamani" kalamu imegoma.

Dereva anapiga honi.
Utingo ananigongea dirisha: karani, umelala?
Elfu kumi, nasema, kama tunavyoandika vyote
ambavyo mwenyewe hajataja bei.
Lakini mkono umeshaandika kitu kingine,
Somoe binti Likwata,
katika kile kibanda kidogo cha shilingi,
na halikuenea,
herufi za mwisho zimepanda juu ya gundi
na bado mbichi.