Lumbesa Si Gunia

Julai, Uyole. Maji ya bomba yanauma meno.
Nimejifunga blanketi kama mgonjwa,
naandika maktaba ya mizani kwa ajili ya ghala la viazi.

Nilianza na klasi moja: Gunia.
Lina uzito, lina mwenyewe, lina mdomo ulioshonwa.
Kisha nikamzaa Lumbesa, mrithi wake,
maana naye ni gunia, si ndiyo?

Tunsubile, karani wa ghala, alicheka mpaka kalamu ikamdondoka.
“Gunia lina mwisho. Lumbesa ina kilemba.”

Na kweli. Kila nilipoiita kwa jina la babaye
hesabu ilipinda:
mkulima wa Umalila alileta kilo mia na arobaini,
akalipwa mia.

Basi nikafunga kila mlango. Hakuna kurithi, hakuna kugusa ndani.
Msimbo ukang'aa kama sufuria ya wageni.
Ambwene akapiga simu kutoka Tukuyu:
ana mikungu ya ndizi, aingilie wapi?

Nikifungua, watachokonoa.
Nikifunga, watavunja dirisha.
Nikiwapa vipande waunge wenyewe,
wataniamsha kuuliza kipi kinatangulia.

Saa nane usiku. Ukungu umefika dirishani.
Nimefuta urithi. Gunia halina tena mtoto;
lina kilemba, au halina,
na kilemba kinapimwa peke yake, kwa jina lake.

Mistari imeongezeka arobaini.
Tunsubile hatajua, yeye atapima tu.
Arobaini hiyo naibeba mimi.