Ngoja Ishike Moto

Mama Nabintu hakutaka kumuuzia mtu wa haraka.
Alinikalisha sebuleni kwake, Nguba, akanimiminia chai,
akauliza nafanya kazi gani, na kama nyumba yangu inavuja.
Famasi, nikasema, pale Nyawera. Na haivuji,
ila upande wa jikoni, mvua ikitokea ziwani.
Akacheka. Ndipo akaondoa kitambaa cha kufuma.

Amplifaya ya lampu, nzito kama jiwe la kusagia,
vioo vinne vimesimama juu yake vichwa wazi,
na kibati chenye jina la kiwanda
ambalo kila mtu Bukavu hulitamka anavyojua.

Dola themanini na tano.
Noti moja ilikuwa na mchaniko, mdogo kama ukucha wa mtoto mchanga.
Akairudisha: hii, mwanangu, hata muuza makala ataikataa.
Nikarudi kesho yake na nyingine, nimeipiga pasi.

Aliyeibeba ni Faida, mbebaji wa Kadutu,
ukanda kwenye paji la uso, macho kwenye matope.
Katikati ya ngazi akasimama:
Humu ndani kuna nini?
Nyimbo.
Nyimbo zenu zinakula nini, zinenepe hivi?

Fundi Mugaruka alizigonga lampu kwa penseli,
moja moja, sikio karibu, kama anayechagua nazi.
Ya tatu imechoka, akasema.
Akatoa soksi ya mtoto wa shule; ndani ya soksi, gazeti;
ndani ya gazeti, lampu iliyotolewa kwenye redio ya parokia.
Akanionya nisitie kidole chini, hata ikiwa imezimwa:
umeme hulala mle, na haupendi kuamshwa.

Sisi huku umeme tunauita moto.
Moto umekuja. Moto umekwenda. Moto wa leo ni mdogo.
Tangu utotoni nimeutaja hivyo bila kuuona.
Sasa, saa nne ya usiku, majirani wakichaji simu,
nabonyeza swichi, nazima taa ya chumba,
nauona: uzi mwekundu, halafu rangi ya mawese,
halafu vumbi la miaka linaanza kunukia.

Kaka yangu Bisimwa ana nyimbo elfu tatu mfukoni.
Zangu ni sahani kumi na moja, mbili zimepinda.
Dada, umenunua jiko lisilopika, ananiambia,
na anakaa mpaka upande wa pili umalizike.
Kuna sahani moja sindano huruka palepale,
mwimbaji anapotaka kumtaja mpenzi wake.
Nimeshampa jina mimi. Nalitia kwa sauti,
kila mara jina tofauti.

Jumapili Mama Nabintu alikuja na fimbo yake.
Nikachagua sahani, nikainua mkono wa sindano.
Bado, akasema. Ngoja ishike moto.
Tukakaa. Spika zikatoa ule mngurumo wa chini,
mngurumo ambao Mugaruka aliahidi kuuondoa
nikipata dola kumi na tano nyingine.
Mama akafumba macho.
Ni huo, akasema. Muziki alikuwa anausikiliza yeye.
Mimi nilikuwa jikoni. Nikisikia huo najua amerudi,
amevua viatu, hana hasira.

Sijamwita tena Mugaruka.

Usiku ule moto ulikatika kabla ya saa tano,
kama kawaida, bila hodi.
Sahani ikapunguza mwendo, mwimbaji akawa mzee,
akawa ng'ombe, akanyamaza.
Mtaa mzima ukaguna kwa pamoja.
Lakini vioo havikuzimika mara moja.
Vilibaki na wekundu kidogo, kama mgeni aliyekwisha kuaga
na bado anaongea mlangoni.
Mama Nabintu alivisogezea viganja.
Nikatafuta kiberiti. Sikukitafuta sana.