Pasipo na Kamba

Leo si zamu yake. Roswitha amekata tikiti
kama mgeni wa Vienna, yeye na dada yake Hedwig
aliyeshuka treni ya Graz na orodha nyuma ya bahasha:
kanisa kuu, ngazi mia tatu na ushei, magoti yakagoma;
bustani ya kifalme, mawaridi bado yamevikwa magunia
kwa ajili ya baridi, yamejipanga kama wafungwa;
na sasa hapa, jumba la picha.

Roswitha anaonyesha. Huyu malkia. Yule farasi.
Zabibu hizi, na nzi ambaye watoto hujaribu kumfukuza.
Kila ufa wa rangi anaujua,
miaka ishirini na miwili ya
“Tafadhali, usiguse.”

Hedwig hatazami ukutani.
“Na wewe husimama wapi?”

Pale, kati ya mlango na kipimajoto.
Mbao za sakafu zimechujuka
mabaka mawili, ukubwa wa viatu.

Hedwig anaingiza miguu yake humo.
Anatulia kitambo
ambacho malkia hakupewa, wala farasi.

Kijana wa zamu anakuja mbiombio, mkono juu,
kisha anaushusha:
hapo hapajawahi kuwekwa kamba.