Daftari la Mvua, Tabata Kimanga

Saa tatu asubuhi nasoma kopo:
milimita kumi na moja, na sisimizi mmoja.
Naandika. Sisimizi simhesabu.

Mwanahija ananiita juu ya ukuta,
"Nifue, nisifue?"
Nasema usifue, mawingu ya Pugu yamevimba.
Anafua. Jua linawaka hadi magharibi,
shuka zake zinanicheka kambani.

Jumanne: sifuri.
Jumatano: sifuri, digrii thelathini na mbili,
umeme hakuna, feni imenuna.

Alhamisi, usiku, kopo lilifurika
nami niko Amana, nahesabu pumzi za mama.
Sikupima.

Mstari ule nimeuacha mtupu.
Leo Mwanahija kaleta chai ya tangawizi,
hakuuliza habari ya kufua.
Nimeandika:
manyunyu, hayapimiki.